Semboja wa Mazinde: Baruti na Mizani

Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka Vuga, juu milimani, kwa kodi na kwa mvua ambayo watu waliamini huiteremsha. Mwanawe Semboja alichagua njia nyingine. Alifanya makao Mazinde, chini nyikani, katika Korogwe ya leo, ilikopita misafara baina ya Pangani na bara. Pembe zilishuka pwani. Bunduki na baruti zikapanda.

Kwa bunduki hizo Semboja alimtoa Vuga Shekulwavu, mtoto wa nduguye. Lakini hakukikalia kiti. Alimtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde, kwani nguvu zilikwisha kuhama kitini zikaenda mizanini.

Na baruti haikutolewa bure. Pembe hazikutosha; watu walitekwa, wakauzwa. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe mwingine, Mputa.

Tunapowasifu mababu kwa ushujaa, tuwataje na wale waliouzwa. Nao pia walikuwa mababu.