Mabaraza Yaliyoiamulia Buha Ardhi Yake

Kila jumuiya ya kuhifadhi mazingira iliyosajiliwa katika nyanda za juu za Kigoma ina faili la bodi yake ya wakurugenzi, na ndani ya faili hilo mna katiba, majina, saini na mihuri. Na mtu asiyeijua tarikhi ya nchi hiyo, akilisoma, aweza kudhani kwamba watu wa Kasulu na Kibondo hawakuwa na desturi ya kukutana na kuamua jinsi ya kuitumia na kuihifadhi ardhi yao mpaka sheria za Dar es Salaam zilipowafundisha kufanya hivyo. Dhana hiyo haina msingi. Bodi ya wakurugenzi ni baraza la mwisho tu katika safu ndefu ya mabaraza yaliyoketi kwa ajili ya ardhi ya Buha, na aliye na wasaa wa kuifuata safu hiyo tangu mwanzo wake atang'amua kwamba jambo lililobadilika zaidi, kupita hata vyeo na taratibu, ni masafa yaliyopo baina ya yule anayeamua na yule ambaye shamba lake litapata hasara uamuzi ukiwa mbaya.

Kabla ya kuja kwa dola za kigeni, nchi ya Waha iligawanyika katika himaya kadhaa: Buyungu na Muhambwe katika pande ziitwazo leo Kakonko na Kibondo, Heru, Bushingo na Luguru katika pande za Kasulu, na kila himaya ilikuwa na Mwami wake wa nasaba ya Kitusi, mwenye ng'ombe, watwana na haki ya kudai utii. Lakini chini ya kiti cha Mwami, na kwa umri mbele yake, walikuwapo wateko. Mteko alikuwa kuhani na msimamizi wa ardhi ya mahali pake, cheo alichokirithi kwa wazee wake, nao walikuwapo katika vilima vile kabla ya wami kufika. Yeye ndiye aliyemwonyesha mgeni mahali pa kujenga na kulima. Yeye ndiye aliyeitwa majirani walipogombania mpaka. Yeye ndiye aliyezisimamia ibada za kilimo, na kuwaombea watu wake kwa mizimu ya mahali pale ili wasipatwe na mvua ya mawe, radi na wadudu waharibifu. Wami walichukua ng'ombe na hukumu, lakini hawakuthubutu kuwafuta wateko, madhali mtawala atokaye nje aweza kuwashinda watu kwa silaha, ila hawezi kujifanya mwenyeji mbele ya ardhi asiyojua majina ya mizimu yake.

Simtukuzi mteko kupita kiasi. Alirithi madaraka yake minghairi ya kuchaguliwa na mtu yeyote, hakuandika hesabu, na bila shaka walikuwapo miongoni mwao waliopenda pombe ya zawadi kuliko haki ya mnyonge. Hata hivyo alikuwa na sifa moja ambayo mabaraza yaliyomfuata yameipata kwa shida: alilima udongo uleule aliougawa. Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia mvua ya mawe hana pa kujificha siku inaponyesha, kwa kuwa migomba yake nayo imelala chini pamoja na ya jirani zake, na jirani hao hawahitaji kungoja taarifa ya mwaka ili wajue kazi yake imekwendaje.

Wajerumani walipita Buha kwa haraka na kwa bunduki. Waingereza ndio waliokaa, na ndio walioliandika baraza katika sheria. Kwani Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia kwa machifu, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa wami uwezo wa kutoa amri juu ya ukataji wa miti, uchomaji wa nyasi na mengineyo ya namna hiyo, kana kwamba mambo hayo hayakuwa na wenyewe. Wateko hawakutajwa. Tangu hapo sauti rasmi ya ardhi ilitoka katika baraza lenye karani na daftari la kodi, na juu ya baraza hilo alikuwapo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na juu ya Bwana Shauri ilikuwapo Dar es Salaam.

Jinsi masafa hayo yalivyoweza kuwa marefu ilidhihirika katika miaka ya 1930, wakati ugonjwa wa malale uliposhika pande za magharibi ya Tanganyika. Madaktari wa serikali walishauri kwamba dawa ya mbung'o ni kuwakusanya watu mahali pamoja na kufyeka pori linalowazunguka. Na Waha, ambao desturi yao ilikuwa kukaa mbalimbali juu ya migongo ya vilima, kila nyumba katikati ya migomba yake, walihamishwa kwa maelfu na kuwekwa katika makazi yaliyopangwa. Ugonjwa ulipungua, na haifai kuikana auni hiyo. Lakini nchi waliyoiacha ililaliwa na pori, vichaka vikarudi, wanyama wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao; wakati huohuo vijana wengi wa Buha walikuwa wakitoka kwa miguu na kwa magari kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hata ikawa nchi hiyo inajulikana pwani kwa migongo ya watu wake kuliko kwa milima yake.

Katika kipindi hicho yupo mtu mmoja wa kutajwa kwa heshima, naye ni Mwami Theresa Ntare, aliyekalia kiti cha Heru tangu mwaka 1946, akiwa miongoni mwa wanawake wachache mno waliopata kuwa machifu katika Tanganyika. Kiti chake kilithibitisha kwamba baraza la Buha liliweza kumsikiliza mwanamke miaka mingi kabla ya wafadhili kuanza kuuliza katika fomu zao ni wangapi katika bodi ni wanawake. Baadaye aliolewa na Patrick Kunambi wa Uluguru, upande wa Morogoro, na Uluguru ndiyo nchi iliyotoa funzo kali zaidi la zama zile juu ya hifadhi iliyoamriwa bila shauri: watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika milima yao ili kuuzuia udongo usiteremke, wakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na damu ikamwagika. Udongo ulikuwa ukiteremka kweli. Waliokosea hawakukosea katika elimu ya udongo.

Uhuru ulipokuja, madaraka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na miaka tisa baadaye ikaja Operesheni Kigoma, iliyowashusha Waha tena kutoka katika vilima vyao na kuwaweka katika vijiji kando ya barabara. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 na ile ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 zilileta halmashauri ya kijiji na kamati zake, na mkutano mkuu wa watu wazima wote juu yake. Katika karatasi, hili lilikuwa baraza lililo karibu na jembe kuliko yote tangu zama za wateko. Lakini lilizaliwa maskini, bila fedha wala gari, na mashamba yaliyozunguka vijiji vipya yalilimwa bila kupumzishwa kwa sababu watu walikuwa wamesongamana.

Wakati hayo yakitendeka, baraza la aina nyingine lilikuwa limekwisha kukua ng'ambo. Mwaka 1903 waungwana wa Kiingereza waliunda London jumuiya ya kuwahifadhi wanyama wa porini wa dola yao, na kamati yake, iliyoketi mbali na kila simba na kila tembo, ikawa na neno zito katika kutenga mapori ya Afrika. Mwaka 1961 wakfu wa Kimarekani wa wanyama wa Afrika ulianzishwa kwa namna hiyohiyo. Na pale Gombe, katika mkoa huuhuu wa Kigoma, alikofika Jane Goodall Julai 1960 kuwachunguza sokwe, utafiti wake ulizaa taasisi yenye jina lake iliyosajiliwa California mwaka 1977, ikiwa na bodi yake huko Marekani.

Naitaja taasisi hiyo kwa kuwa ilipata kuutambua upungufu wa masafa. Goodall alipopita angani mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona hifadhi ndogo ya kijani imezungukwa na vilima vitupu. Na mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994, uliwatuma Watanzania kuingia katika vijiji 12 kuuliza wenyeji wanataka nini. Jibu halikuwa sokwe. Watu walitaka afya, shule, maji na mashamba yenye rutuba, na ikalazimu mpango wa miti uandamane na mambo hayo. Baadaye kazi hiyo ilifika katika mipango ya matumizi bora ya ardhi, ambayo halmashauri ya kijiji ndiyo inayoipitisha. Hivyo uamuzi ulianzia katika bodi ya Marekani na kufikia mwisho wake chini ya mwembe, jambo lisilotokea mara nyingi.

Lakini bodi hazikujaa Kasulu na Kibondo kwa sababu ya sokwe. Zilijaa kwa sababu ya wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na watu wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Zikafuata kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na mwaka 1996, Wakongo walipokimbia vita vyao, Nyarugusu katika nchi ya Makere. Kila sufuria la maharage lilihitaji kuni, na kuni zilitoka katika miyombo ya Waha. Mti uliomchukua mzee nusu ya umri wake kuuona ukikua uliteketea kwa wiki moja. Baada ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi alitakiwa asivuke kilomita 4 kutoka kambini, lakini njaa ya moto haijui kilomita, na ugomvi wa wanawake porini, mwenyeji na mgeni, kila mmoja na mtita wake kichwani, ukawa habari ya kila siku.

Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitaka miti ipandwe, majiko ya udongo yafinyangwe na misitu ilindwe, nalo lilihitaji washirika wa kufanya kazi hiyo. Ndipo majina kama REDESO huko Kibondo na CEMDO huko Kasulu yakazoeleka midomoni mwa watu. Mfadhili hawezi kumpa fedha mzee aliyekaa juu ya kigoda. Humpa jumuiya yenye usajili, jumuiya haisajiliwi pasipo katiba, na katiba haipokelewi ikiwa haionyeshi ni nani atakayemsimamia mtendaji. Hapo kabla kulikuwa na Sheria ya Vyama ya mwaka 1954 na ile ya Wadhamini ya mwaka 1956, zote za mkoloni. Ikafuata Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliyozitaka hata jumuiya zilizosajiliwa kama kampuni zihamie chini yake. Aghalabu basi bodi ilizaliwa kwa ajili ya fomu, nayo ikajazwa na watu waliopatikana: mwalimu mstaafu, mchungaji au sheikh, ofisa wa misitu aliyemaliza utumishi, mwanasheria mmoja akipatikana.

Watu hao si wabaya, na wengi hufanya kazi pasipo mshahara, wakipata nauli na chai. Kasoro huonekana katika mpangilio wa kikao chenyewe. Mwenyekiti hufungua, akidi huhesabiwa, muhtasari husomwa na kuthibitishwa, ndipo huja Yatokanayo, kisha taarifa ya mkurugenzi, kisha fedha, na fedha hula mchana wote. Na shauri la chemchemi iliyokauka, au la kijiji kinachosema miche iliyopandwa imo ndani ya malisho yake, hungojea Mengineyo, wakati ambapo jua limeshuka na anayetoka mbali anaangalia saa yake. Kwa mteko jambo hilo lingekuwa ajenda ya kwanza na ya pekee.

Watu wa Ujiji, mji wa Kiislamu wa mkoa huohuo, wangeweza kuwapa majirani zao wa vilimani mfano ulio karibu kuliko wa California, nao ni wa wakfu. Mutawali wa wakfu hana fungu lake katika mali anayoilinda ila ujira wake ukiwa umewekwa. Mali ni ya Mungu na manufaa ni ya waliotajwa na mwenye kuweka wakfu, nao wamo msikitini kila Ijumaa, wanaliona paa likivuja. Dhima yake haitokani na mkataba wa miaka miwili, wala haimaliziki mfadhili anapofunga ofisi yake. Wafadhili walikwisha kuzifunga nyingi, kadiri kambi zilivyofungwa: Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, wakimbizi wakaja upya mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa tena, Nyarugusu ikapita watu 150,000, Mtendeli ikafunguliwa tena mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021; na kila wimbi lilipopungua, fedha za miti zilipungua nalo, ilhali vilima vilibaki palepale na bonde la Malagarasi na Muyovozi, lililoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu likiwa la kwanza Tanzania, liliendelea kupokea udongo wao.

Sheria ya mwaka 2002 inaitaka kila jumuiya itoe taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na taarifa hizo zipatikane kwa watu wote. Hakuna kifungu kinachozuia nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu, kwa Kiswahili, mbele ya wale waliopandiwa miti hiyo, wala hakuna kinachokataza halmashauri za vijiji zipewe viti katika bodi. Kwa hiyo msomaji atakayealikwa kuketi katika bodi ya namna hii, ikiwa Kasulu, Kibondo au kwingineko, namwomba aitake ramani ya matumizi ya ardhi ya vijiji vinavyohusika kabla ya kupokea bajeti, na aulize ni nani kati ya wajumbe anayelima ndani ya ramani hiyo.