Serge Kakudji: muziki anaoupenda na waliomhamasisha

Serge Kakudji ni mwimbaji wa opera kutoka Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mitaani. Yeye ni kauntatena, yaani mwanamume mzima anayeimba kwa sauti ya kichwa, juu ya tenori. Mwanakwaya yeyote ataelewa upesi akiambiwa kwamba Kakudji huimba sauti ya pili, ile ambayo makanisani huachiwa akina mama.

Opera aliifahamu utotoni kupitia televisheni, na kuimba alianzia kwenye kwaya. Muziki anaoupenda hasa ni wa watunzi Monteverdi, Handel na Gluck. Sauti yenyewe inamvuta huko. Enzi za watunzi hao nafasi nyingi za mashujaa ziliandikwa kwa waimbaji waliohasiwa wakiwa watoto ili sauti zao zisivunjike. Gluck alipoonyesha opera yake ya Orfeo huko Vienna mwaka 1762, shujaa Orfeo aliimbwa na mmoja wao, Gaetano Guadagni. Ukatili huo ulikoma, nyimbo zikabaki, na leo kauntatena ni miongoni mwa wanaoziimba.

Mchango mkubwa zaidi katika kazi yake, hata hivyo, ulitoka kwa Wakongo wenzake. Mwaka 2006 mcheza dansi Faustin Linyekula, mwenye kituo cha Studios Kabako huko Kisangani, alimshirikisha katika Dinozord. Onyesho hilo liliagizwa kwa tamasha la Vienna la kuadhimisha miaka 250 ya Mozart. Linyekula alichukua Misa ya Wafu ya Mozart akaitumia kuwalilia rafiki zake: mmoja alikuwa amefariki, mwingine alikuwa mfungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Kijana wa Katanga akawaimbia kilio hicho. Miaka miwili baadaye aliimba katika Pitié!, iliyojengwa juu ya muziki wa mateso ya Yesu wa Bach, kazi ya mwongozaji wa dansi Alain Platel na mtunzi wa muziki Fabrizio Cassol.

Kazi inayomweleza vizuri kuliko zote ni Coup Fatal, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 2014. Humo Kakudji anaimba Handel na Gluck pamoja na wanamuziki wa Kinshasa wanaoongozwa na mpiga gitaa Rodriguez Vangama. Likembe (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba), marimba, ngoma na magitaa ya umeme vimechukua nafasi ya vinanda na fidla. Wanamuziki wanabeba viti vya plastiki vya buluu, vile vya baa na matangani, kisha wanajipamba kwa suti za rangi kali kama wasapere, wale Wakongo wanaojivunia mavazi ya kifahari. Nyuma yao linaning'inia pazia la maganda ya risasi, kazi ya mchongaji Freddy Tsimba. Wimbo wa Orfeo wa kumlilia mkewe haukupunguzwa hadhi kwa kupigiwa likembe. Umepata waombolezaji wanaojua msiba, na wanaojua pia kwamba matanga ya Kinshasa huchezwa mpaka asubuhi.