Jina la Mama: Mwanamke Mwandishi na Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wamezoea kuuliza mwanamke amechorwa vipi katika kazi fulani. Makala haya yanauliza swali dogo zaidi: anaitwa nani? Tutalitazama swali hilo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Pumwani na majirani zake, ambayo kwa jumla huitwa Eastlands. Huko mwanamke Mwafrika alipewa majina matatu na watu watatu mbalimbali: jirani, ofisi, na mchapishaji wa vitabu. Majina hayo hayakupatana.

Tuanze na nyumba. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe mahali pa Waafrika mjini. Ndugu yake mkubwa, kijiji cha Pangani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Katika Pumwani mji ulitoa viwanja, watu wakajijengea nyumba za miti na udongo, wakapangisha vyumba. Miongoni mwa wenye nyumba hizo wanawake walikuwa wengi, jambo ambalo watawala hawakulitazamia hata kidogo. Wengi wao walisilimu, wakajihesabu Waswahili, na kwa hivyo wakawa na ukoo mpya pasipo kuomba ruhusa ya baba zao. Fedha za kujengea zilitokana na pombe waliyopika na, kwa wengi, na wanaume waliowapokea vyumbani. Janet Bujra alieleza habari zao mwaka 1975. Luise White, aliyezungumza na mabibi hao mwaka 1976 na 1977, aliandika kitabu kizima, The Comforts of Home, kilichotoka mwaka 1990.

White ametuhifadhia maneno matatu ambayo mwanaisimu hawezi kuyapita hivi hivi: malaya, watembezi na wazi-wazi. Kamusi zetu zinalitia neno malaya katika matusi, basi. Lakini katika usemi wa Nairobi ya zamani lilimtaja mwanamke aliyekaa chumbani mwake akingoja kubishiwa hodi, akampa mgeni chai, chakula na maji ya kuoga. Mtembezi alitafuta wateja njiani. Wa wazi-wazi aliketi mlangoni na kutaja bei yake hadharani. Kipimo hapa si maadili peke yake, ni chumba. Mwenye chumba, hata cha kupanga, alikuwa na sitara ya kulinda na majirani wa kustahi.

Na mwenye nyumba alihitaji mrithi. Aliyekosa mtoto wa kuzaa alimlea wa mwingine, au alimteua mwanamke mwenzake amrithi. Umama katika Pumwani ulikuwa jambo la kutendwa kama lilivyokuwa jambo la kuzaliwa. Ndipo jirani alipomwita Mama Fulani, kwa desturi ya Waswahili na ya makabila mengi ya bara. Ni jina la heshima. Hata hivyo ni jina ambalo mwenyewe hayumo.

Ofisi haikumjua mama huyo. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikadiriwa kwa mwanamume asiye na jamaa, na makao yake yakakadiriwa kwa kitanda. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa ile michache ya kwanza iliyojengwa kwa kufikiria familia. (Mitaa iliyofuata ilipewa majina ya wanaume: Mbotela, kwa Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, wa ukoo uliomtoa pia mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, na Ofafa, kwa Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953.) Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, na hasa baada ya msako mkuu wa tarehe 24 Aprili 1954, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kukaa Nairobi bila kitabu cha pasi. Wanaume kwa maelfu walitiwa kizuizini; wanawake na watoto wakarudishwa mashambani. Aliyebaki alikuwa nambari.

Muthoni Likimani aliichukua nambari ya namna hiyo akaifanya jina la kitabu: Passbook Number F.47927, kilichochapishwa mwaka 1985. Ndani yake mna maisha ya wanawake wa miaka ile: kibali cha mji, kazi za lazima vijijini, maswali ya askari. Wahakiki hukisoma kama historia ya Mau Mau iliyosimuliwa upande wa wanawake, nao hawakosei. Sisi twakisoma pia kama kisa cha jalada. Juu ya jalada pana nambari ya ofisi. Chini yake pana Muthoni, jina la binti, na Likimani, jina la mume. Mama Fulani wa jirani hayuko.

Grace Ogot na Rebeka Njau nao waliandika kwa majina ya waume zao. Hata Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza wa kuzaliwa aliyejifanya Mkenya kwa ndoa na kwa uraia, ana la mumewe. Riwaya yake Coming to Birth (1986) inaanza na msichana Paulina, ambaye mwaka 1956 anamfuata mumewe Pumwani, anaharibu mimba, na anapotoka hospitali anapotea njia ya kurudi nyumbani. Baadaye mwanawe anauawa Kisumu katika ghasia za mwaka 1969. Macgoye anamfanya Paulina awe mtu kamili katika miaka ambayo hakuna awezaye kumwita Mama Fulani. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la ujasiri katika riwaya hiyo, kuliko siasa zake.

Lipo swali la lugha. Katika Language in Kenya, kilichohaririwa na W. H. Whiteley mwaka 1974, Bujra aliandika sura juu ya matumizi ya lugha Pumwani, mtaa wa Waislamu uliokifanya Kiswahili lugha ya nyumbani. Lakini anayevisoma vitabu tulivyovitaja anawakuta mabibi hao wakisema Kiingereza, na Kiswahili chao kimebaki maneno ya mlazo tu. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi karibu na mwaka 1858, alikuwa na jina la baba yake, umama na kalamu katika lugha moja. Umama wenyewe ndio uliompa idhini ya kutunga. Huko Nairobi kalamu ilipofika ilikuja na shule, na shule ilikuja na Kiingereza. Mwaka 1987 Ari Katini Mwachofi alichapisha tamthilia ya Kiswahili aliyoiita Mama Ee. Mwito huo hauna jina la mtoto nyuma yake, wala la mume.