Wawindaji wa Meli

Fliegerkorps X, kamandi ya Jeshi la Anga la Ujerumani chini ya Jenerali Hans Geisler, ilipata uzoefu wa kuwinda meli huko Norway. Mwishoni mwa 1940 ilianza kuhamia Sicily, jirani kabisa na hapa Malta.

Tarehe 10 Januari 1941 ndege zake za Stuka, zilizoshuka kichwa chini kama mwewe, ziliipata HMS Illustrious, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege. Sitaha yake ilikuwa ya chuma kinene. Bomu likapenya hata hivyo. Ikiwaka moto, usukani umeharibika, ilijikokota hadi bandari ya hapa Malta usiku.

Ndege ziliifuata hadi gatini. Wa kuumia zaidi walikuwa majirani: nyumba za Senglea, mji ulio kando ya bandari, ziliporomoka. Meli yenyewe ilichomoka tarehe 23, gizani, ikielekea Alexandria.