Nabhany Mbali na Minazi: Utungo kama Kamusi

Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) hutajwa zaidi kwa neno moja: runinga. Mwanafunzi wa Timboroa, katika nyanda za juu za Kenya, hulitumia kila siku bila kujua kwamba lilibuniwa na mshairi wa Lamu. Sifa hiyo ni ya haki, ila imemponza. Imewazoesha wahakiki kumpima kwa idadi ya istilahi zake zilizoshika na zilizokufa, na kwa mizani hiyo anaonekana mwepesi. Hata runinga yenyewe, iliyoenea Kenya, Tanzania haikuing'oa televisheni. Makala haya yanadai kwamba kazi yake kuu ya filolojia imo katika tungo zake, na kwamba huko ndiko anakopaswa kuhukumiwa.

Tuchukue mbili. Sambo ya Kiwandeo, iliyohaririwa na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg na kuchapishwa Leiden mwaka 1979, inasimulia uundaji wa chombo cha baharini kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Umbuji wa Mnazi, uliotoka Nairobi mwaka 1985, unaueleza mnazi, makuzi yake na manufaa yake. Msomaji anayetafuta hisia za mtunzi katika tungo hizi atachoka mapema, maana kuna kurasa ambazo ni majina juu ya majina. Lakini tuangalie majina hayo yamepangwaje. Katika kamusi ya kawaida, kidaka kimo kwenye K, dafu kwenye D, koroma kwenye K tena, nazi kwenye N. Tunda moja limetawanywa na alfabeti, na kila kipande kimepewa fasili isiyomjua jirani yake. Mtunzi anayefuata makuzi ya tunda hahitaji fasili ndefu. Koroma inaeleweka kwa sababu dafu limeshapita na nazi bado haijafika. Kwa fundi wa jahazi hali ni hiyo hiyo: jina la ubao hufahamika kwa zamu yake katika kazi. Mizani na vina navyo vina faida yake, kwani neno lililokaa kwenye kina haling'oki kwa urahisi, wala mnakili hawezi kulibadilisha kwa Kiswahili Sanifu bila ubeti kuharibika. Nabhany, aliyelelewa na bibi mshairi, alilijua hilo kabla ya kukutana na wanaisimu wa Ulaya.

Tumlinganishe na mshairi mwingine. Kusini mwa Ufaransa, Frédéric Mistral alitunga kwa Kioksitani, lugha iliyokuwa ikisongwa na Kifaransa, kisha akaikusanyia kamusi kubwa, Lou Tresor dóu Felibrige. Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobeli. Mistral alizitenga kazi hizo mbili, tenzi huku na kamusi kule. Nabhany alizifanya moja, na kwa maoni yangu njia yake inamfaa zaidi mzungumzaji asiyenunua kamusi.

Dosari ya Nabhany ni ghala la maneno alilolichagua. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichukua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kiamu, lugha ya tendi za kale, kilijikuta kikihesabiwa lahaja tu. Si ajabu basi kwamba Nabhany aliitazama kaskazini ya pwani kama hazina ya kwanza ya Kiswahili chote. Lakini Timboroa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, hakuna mnazi wala jahazi. Kuna viazi, pareto, misitu na reli iliyopanda hapo katika miaka ya 1920 ikielekea Eldoret. Wakalenjin na Wakikuyu wanauziana viazi kwa Kiswahili, wanabishania lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa Kiswahili, wanaitaja baridi inayochoma majani kwa maneno yao wenyewe. Kiswahili hicho wasomi hukikosoa makosa ya ngeli, kisha hukiacha bila kukiandika.

Anayemuenzi Nabhany kwa kurudia istilahi zake amechukua tunda akaacha mbegu. Idara za Kiswahili zilizo karibu, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Moi, ziwatume wanafunzi wakae na wakulima wa Timboroa msimu mzima, tangu mbegu hadi gunia, waandike kila jina kwa mpangilio wa kazi. Na atakayeweza kuyatia katika beti, ayatie.