Kungoja Kusi Mjini Unguja

Wageni wanaolala kwangu huuliza swali moja, wengine hata viatu hawajavua: "Bibi, siku ngapi zinatosha hapa mjini?" Nina vyumba viwili vya ghorofani ninavyopangisha Malindi ya Unguja, karibu na bandari ya majahazi. Mwenye haraka huuliza kama usiku mmoja utatosha, maana ameshalipia hoteli ya ufukweni Nungwi na boti ya kurudi Dar es Salaam. Huwajibu siku tatu, siku nne, kwa kadiri ninavyomwona mtu. Na kila ninapojibu namkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa na kufia katika nyumba hii. Chumba cha chini, kile kinachotazama uchochoro, kilikuwa na wapangaji tangu enzi za baba yake, na hakuna aliyewauliza wangekaa siku ngapi. Walikuja na kaskazi, wakaondoka na kusi. Katikati ya pepo hizo mbili mtu alikaa, apende asipende.

Ukaaji huo ndio ninaotaka kuusimulia, kwa sababu naamini ndio uliouumba mji huu, na ukiuondoa huwezi kueleza nyumba zake, ndoa zake wala lugha yake.

Kaskazi huanza kushika mwezi wa Novemba na kukomaa Desemba, ikavuma mpaka Februari au Machi. Chombo kilichotoka Sur, Maskati au Kuwait kilitweka tanga kikashuka nayo, kikipita pwani ya Wasomali, Lamu na Mombasa, hadi hapa. Kurudi kwa upepo uleule ni kujitafutia balaa: bumu au sambuki haliwezi kushindana na kaskazi maili 2,000 hivi hadi Omani. Lazima lingoje upepo ugeuke. Mwezi wa Aprili kusi huanza, na hapo ndipo njia ya kurudi hufunguka. Lakini si kusi yote inayofaa. Juni na Julai huvuma kwa nguvu hata bahari ya pwani ya Uarabuni haiendeki, na nahodha mwenye akili hatoi chombo bandarini. Bibi alikuwa akisema bahari ina milango miwili ya kurudia Manga, yaani Uarabuni. Mmoja hufunguliwa Aprili na kufungwa katikati ya Mei. Wa pili hufunguliwa demani, kuanzia Agosti, kusi ikishapoa. Aliyekosa wa kwanza alingoja wa pili, miezi mitatu au minne. Watoto wa Malindi waliijua milango hiyo kama watoto wa leo wanavyozijua saa za boti.

Kwa hiyo aliyetia nanga katikati ya Januari alikuwa na siku tisini na zaidi za kukaa mjini. Hata neno letu msimu limetoka huko, katika Kiarabu, likiwa na maana ya wakati uliopangwa wa kusafiri, na Wareno na Waingereza nao walilichukua wakalisema kwa ndimi zao. Na pande mbili za dunia, kaskazini na kusini, tunaziita kwa majina ya pepo hizo.

Mtu wa siku tisini si mgeni wa kuonyeshwa mji. Ana kazi. Chombo kilipandishwa mchangani wakati wa bamvua, maji yakipwa kikabaki kimelala ubavu, mabaharia wakakikwangua magamba na mwani. Walizibua nyufa wakatia kalafati ya pamba na mafuta, wakakipaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaokilinda chombo na wadudu watoboao mbao. Bibi alisema kipindi hicho Malindi yote ilinuka shahamu na sifa ya papa, na mama yake alikuwa akianua nguo mapema zisishike harufu. Huku tende, chumvi, papa mkavu na mazulia vikiuzwa kidogo kidogo. Mabaharia hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walipata sehemu ya pato mwisho wa safari, na kila mmoja alikuwa na sanduku lake la bidhaa za kuchuuza mwenyewe. Siku nyingi mjini zilikuwa neema kwao. Auzaye kwa pupa huuza kwa hasara, na wao hawakuwa na pa kukimbilia.

Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyaona haya kwa macho yake. Mwisho wa mwaka 1938 alipanda Aden bumu la Kuwait liitwalo Bayan, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi, akaja nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji, walikokwenda kupakia boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba. Alirudi nalo mwaka 1939 na kuandika kitabu. Picha alizopiga nimezitazama mara nyingi, nikitafuta uso ninaoujua. Wanaume wameketi juu ya mizigo na kamba, na katika nyuso zao sioni mtu anayehesabu siku.

Desturi ya kumpokea mtu wa namna hii ni ya kale kuliko mji wetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kwamba chombo kikiingia, vijana wa mjini hukiendea na mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule hashuki ila nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye amwuziaye na kumnunulia. Mombasa, Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu akaendelea Kilwa. Naipenda habari hiyo ya usiku mmoja. Yeye hakuwa na shehena; alikuwa msafiri wa kutazama, na watu wa kutazama walikuwa wepesi wa kuondoka hata karne ya 14. Mwenye shehena alihitaji mtu wa kumwamini kwa miezi mitatu: wa kumhifadhia mali, kumdhamini kwa Mhindi mwenye duka, kumfungulia hundi, na kumtafutia mpishi. Kilwa yenyewe ilineemeka kwa hesabu hizohizo. Chombo kutoka Uarabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja, lakini kikipitiliza hadi Sofala kwenye dhahabu, msimu ulikuwa umekwisha. Basi Kilwa wakaikusanya dhahabu kwao na kumngoja mnunuzi.

Tuna methali ya mgeni wa siku mbili, ya tatu apewe jembe. Nimeisikia tangu skuli na ninaiheshimu, ila nadhani imetoka shambani, kwa watu ambao mdomo wa ziada ni chakula kupungua. Bandarini mgeni alikuwa yeye mwenyewe chakula. Ndiyo maana nyumba zetu zina baraza za mawe nje ya mlango: pale mgeni hunywa kahawa na kujadiliana bei hadi usiku bila ya kuingia walipo wanawake. Mji uliozoea kukaliwa na wanaume wageni robo ya mwaka ulijijenga kwa ajili yao, na vilevile kwa kujikinga nao.

Na kulikuwa na la kujikinga. Siwezi kusimulia kaskazi kama msimu wa tende na kahawa peke yake. Bibi yake bibi, aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1860, alisimulia kwamba vyombo vya Manga vikishaanza kuingia, watoto waliitwa ndani kabla ya magharibi na milango ikatiwa makomeo. Miongoni mwa wageni walikuwamo walioiba watu. Walimrubuni mtoto kwa tende au halua, au walimbeba tu akiwa peke yake kichochoroni, na Aprili ikifika alikuwa chini ya sitaha. Waliotekwa wengi walikuwa watumwa na watoto wa watumwa, ambao kilio chao hakikuwa na wa kukisikiliza. Mwaka 1864 Seyyid Majid, sultani wa Unguja, alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini tangu tarehe 1 Januari hadi mwisho wa Aprili, na katika miaka hiyo wenye nyumba walikatazwa kuwapangishia watu hao wa kaskazini. Amri iliuandama msimu wenyewe. Aliyeitoa alijua kwamba uovu ule ulihitaji siku za kukaa, na chumba cha kukaa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, chini ya Seyyid Barghash. Ninapopangisha chumba cha bibi hulikumbuka hilo pia. Mlango wake bado una komeo la mti upande wa ndani, refu kuliko mkono wangu.

Wazungu wa mwanzo nao walikaa kwa amri ya majira. Richard Burton alifika Desemba 1856 akataka kwenda bara, na hakuondoka kuelekea kwenye maziwa makuu hadi Juni 1857. Kati yake alizunguka Mombasa, Pangani na Usambara, akaandika kila alichokiona na vingi alivyovisikia, vya haki na vya dharau. Livingstone alikaa tangu mwisho wa Januari hadi Machi 1866. Kitabu cha Burton juu ya Unguja kilitoka mwaka 1872, mijalada miwili, na mwaka huohuo mji aliouandika ukaanza kuondoka. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Seyyid Barghash. Kisha, kabla mwaka haujaisha, meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kuleta barua kila mwezi kutoka Aden. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa miaka mitatu kabla. Siku aliyoshuka mtu wa kwanza kutoka meli ile huku ameshika tarehe ya kuondoka, hiyo ndiyo siku swali la wageni wangu lilipozaliwa. Kabla yake halikuwa na maana.

Majahazi hayakufa siku hiyo. Yaliendelea kuja karibu miaka mia nyingine, mengi na kisha machache, mpaka mafuta yalipowapa vijana wa Kuwait kazi nyingine na boriti zikashindwa na nondo na saruji. Ndani ya miaka hiyo ndimo alimofika babu yangu.

Alikuwa baharia wa Sur, umri wake ishirini na kitu, na chumba cha chini baba yake bibi alikuwa amempangishia nahodha na watu wake wanne. Mwisho wa Machi alishikwa na homa. Chombo kilikuwa kimeshapakia, boriti chini na nazi juu. Nahodha alingoja siku tisa. Bibi aliijua idadi hiyo, na alikuwa akiitaja polepole, kwa sababu siku tisa za Aprili kwa mwenye chombo kilichojaa ni mali nyingi. Ya kumi akaja kumuaga mgonjwa, akamwachia sanduku lake na riale kadhaa, akasema demani kitapita chombo cha jamaa zake kimchukue. Akang'oa nanga.

Homa ilimwacha mwezi wa Mei. Mama yake bibi alikuwa akimpelekea uji kwa mkono wa mtoto wa kiume, yeye mwenyewe akisimama nje ya mlango kuuliza hali. Juni akaanza kwenda msikitini. Julai akawa anamsaidia baba yake bibi kuhesabu magunia ya karafuu forodhani, kwa Kiswahili cha kubahatisha. Agosti chombo cha jamaa zake kikapita kweli, kikamkuta ameshamposa bibi. Akawapa barua na kitambaa wampelekee mama yake, akasema atakwenda msimu ujao. Kila mwaka alisema hivyo. Kaskazi ikianza alikuwa akishuka bandarini alfajiri, akirudi na habari za nani kafa na nani kaoa Sur, na kapu la tende. Alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Sanduku lake lipo, lina misumari ya shaba iliyopangwa kama nyota, na ndani yake naweka mashuka ya wageni.

Julai iliyopita nilikuwa na mgeni mmoja, msichana kutoka Mwanza, mwanafunzi, aliyepanga usiku mbili. Asubuhi ya kuondoka alinilipa, akaniamkia, akateremka na mkoba wake. Baada ya saa moja alikuwa mlangoni tena, kitenge kimelowa chumvi. Boti zilikuwa zimezuiwa kwa ajili ya upepo.

"Bibi, samahani. Wamesema hawajui mpaka lini."

"Samahani ya nini, mwanangu? Pita."

Nilipanda juu darini kutazama. Bahari ilikuwa nyeupe mpaka upande wa kisiwa cha Changuu, na majahazi yote ya Malindi yalikuwa yamefungwa ubavu kwa ubavu, matanga yamekunjwa. Ilikuwa kusi yenyewe, ile ya mlango uliofungwa. Niliposhuka nilimkuta bado amesimama ukumbini, mkoba begani, kama mtu anayeogopa kuketi asije akawa ameamua jambo. Nikamwambia auweke chini, nikafungua sanduku nikatoa mashuka mengine.