Umoja, Wingi na Mzizi Mtupu: Majina ya Watu wa Mweru katika Nomino Ambatani za Kiingereza

Katika Kiingereza, nomino inayotangulia nyingine ili kuifafanua kwa kawaida huwekwa katika umoja, hata maana yake ikiwa ni ya wingi. Mswaki huitwa «toothbrush», ingawa hausafishi jino moja. Wingi hubakizwa pale unapobeba maana ya pekee: «customs», likiondolewa s ya mwisho, huacha kuwa forodha likawa mila. Kwenye ufuo wa Ziwa Mweru kanuni hiyo ilikutana na lugha ambazo humtaja mtu kwa kiambishi cha ngeli.

Livingstone, aliyefika ziwani Novemba 1867, aliandika «Babemba» kwa watu na «Lobemba» kwa nchi. Viambishi alivisikia, akavihifadhi. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, ilipotawala, ilikuwa na wilaya iliyoitwa «Awemba District». Kifafanuzi hicho kilikuwa na a- ya wingi, kama ya Kinyanja, lakini machoni pa karani wa Kiingereza hakikuonyesha wingi wowote. Gouldsbury na Sheane waliendelea na «Awemba» mwaka 1911, ilhali sarufi ya Schoeffer ya 1907 ilikwisha kutumia «Bemba». Audrey Richards alipochapisha utafiti wake wa ardhi, kazi na lishe mwaka 1939, aliandika «Bemba Tribe». Mzizi mtupu ulikuwa umeshinda. Cunnison alilikwepa tatizo kwa namna ya kupendeza: kitabu chake cha 1959 kiliwafafanua watu kwa mto wao, na wingi akauweka kwenye nomino kuu, «Luapula Peoples».

Hasara ya ushindi huo huonekana Chienge, kwa Wabwile wa Mwene Puta. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Dola ya Kongo ulipitisha mpaka ziwani, na Wabwile wakabaki pande zote mbili. Upande wa Pweto Kiswahili ni lugha ya kila siku. Hati ya Kiingereza ikisema «Bwile land», mfasiri hana budi kuchagua: ardhi ya Mbwile, ardhi ya Wabwile, au nchi ya Ubwile. Ya kwanza humpa haki mtu mmoja, ya pili jamii, ya tatu hutaja eneo tu bila kumtaja mwenyewe. Tangu Sheria ya Ardhi ya Zambia ya 1995 iruhusu ardhi ya kimila kugeuzwa kuwa milki ya kupangisha kwa mtu binafsi, viambishi hivyo viwili, m- na wa-, vyaweza kuamua nani aulizwe kwanza.